Shule Yetu ya Mabati na Deni Langu la Sh. 600

Mara nyingi husifiwa magazetini zile shule kubwa zenye majumba ya mawe, viwanja vya mpira na bustani za maua, na sifa hizo ni haki yao. Lakini leo naomba nafasi kidogo niwaeleze habari za shule ndogo ya mabati iliyoko Kibera, hapa Nairobi: jinsi ilivyozaliwa, jinsi ilivyokaribia kufa, na jinsi ilivyokua tena. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa katika habari hii mimi mwenyewe nina aibu yangu, nami sitaki aibu hiyo ilishike jina la shule. Mimi ni karani wa bohari moja katika mtaa wa viwanda, na imekwisha pita miaka zaidi ya 30 tangu nianze kukaa katika kijiji cha Gatwekera.

Kwanza yafaa msomaji aliye mbali aijue Kibera. Zamani mahali hapa palikuwa msitu, na jina lenyewe latokana na neno la Wanubi, Kibra, maana yake msitu. Wanubi hao, ambao asili yao ni Sudani, walikuwa askari wa King's African Rifles, nao waliruhusiwa kukaa hapa na jamaa zao. Mwaka 1918 serikali ya wakati ule ilitangaza ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Baadaye watu wa makabila mengine walikuja kutafuta kazi mjini, wakapanga vyumba, na vijiji vikasongamana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 walihesabiwa watu 170,070. Ni wachache kuliko ile milioni moja ambayo watu walikuwa wakiitaja, lakini kwa mahali padogo kama hapa ni wengi mno.

Basi kwa kuwa ardhi ni ya serikali na waliojenga hawana hati, kwa muda mrefu vijiji vyetu havikuhesabiwa kuwa mahali pa kudumu. Shule za serikali, kama vile Olympic na Ayany, zilijengwa pembezoni, wala hazikuweza kuwatosha watoto wote. Ndiyo sababu wazazi, makanisa na waalimu wasio na kazi walianza shule zao wenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, wakiongozwa na James Tooley, walihesabu hapa Kibera shule 76 za watu binafsi, zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Shule yetu ilikuwa mojawapo ya shule za namna hiyo.

Mimi mwenyewe sikusoma Kibera. Nililelewa Kawangware, ng'ambo ya Ngong Road. Kawangware ni sehemu ya Dagoretti, nayo zamani ilikuwa mashamba ya Wakikuyu. Hata nilipokuwa mtoto, mtu aliweza kuona mahindi na ng'ombe kati ya nyumba za kupangisha. Mama yangu alikuwa akiuza mboga kando ya njia. Mwezi wa Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo itaondolewa katika darasa la kwanza hata la nne, na kwa hiyo mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1974 bila ya mama kulipa karo. Katika nchi nzima wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kwa karibu milioni moja kwa mwaka ule mmoja tu.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Madarasa hayakutosha, na shule nyingi zikaanza kutoza fedha za ujenzi, ambazo mahali pengine zilizidi hata karo ya zamani. Nakumbuka siku niliyorudishwa nyumbani na wenzangu kwa sababu ya fedha hizo. Mama hakusema neno. Jioni ile aliwauza kuku wake wawili, na kesho yake akanipeleka shuleni kwa mkono wake. Wenzangu kadhaa hawakurudi tena. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1980, na kila mara niliposhika kalamu kazini niliwakumbuka wale kuku wawili. Naandika haya ili mjue kwamba sikuwa mtu asiyejua thamani ya shule, wala asiyejua jinsi neno la "bure" linavyoweza kuja na mizigo yake. Na juu ya hayo nilikosea.

Shule yetu ilianza mwaka 1996 katika chumba cha kanisa. Aliyeianza alikuwa mama mmoja kijana, aliyemaliza kidato cha nne lakini hakuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu. Aliwaona watoto wakicheza kando ya mtaro mchana kutwa, akawakusanya 19, akawafundisha kusoma. Wenye kanisa walimwazima mabenchi matatu, kwa sharti kwamba Ijumaa jioni yarudishwe mahali pake na chumba kifagiliwe. Ubao wa kuandikia ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa masizi na unga mweusi wa betri kuukuu za redio. Karo ilikuwa Sh. 150 kwa mwezi, na asiyeweza kulipa alileta makaa au maji ya kupikia uji.

Binti yangu aliingia shuleni hapo mwaka 1997. Watoto walipozidi 60, chumba cha kanisa hakikutosha tena. Mzee mmoja jirani alitupangisha kiwanja kidogo kando ya vyumba vyake, na wazazi tukafanya mkutano. Tulipatana kwamba kila nyumba italeta bati moja, na asiye na bati alete mti au misumari. Jumapili nne tulifanya kazi, akina baba wakijenga na akina mama wakikandika udongo, na Jumapili ya tano watoto waliingia. Mimi nilileta mabati mawili, tena nikajisifu kwayo, maana kijana wangu wa kiume naye alikuwa anakua na ningetaka asome hapo. Mwisho wa mwaka 2002 shule ilikuwa na watoto 143 na waalimu sita, na karo ilikuwa imefika Sh. 300.

Sasa nifikie mwaka 2003. Rais Mwai Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002, na shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari serikali yake ilitimiza ahadi iliyotolewa wakati wa uchaguzi: elimu ya msingi ikawa bila karo katika shule zote za serikali, kutoka darasa la kwanza hata la nane. Serikali ilitoa Sh. 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka kwa ajili ya vitabu na matumizi mengine. Katika Kenya nzima wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hata milioni 7.2. Amri hiyo ilikuwa njema kabisa, na mtu akiilaumu mbele yangu nitabishana naye, kwa kuwa iliwaingiza darasani watoto ambao hawangeliingia kamwe.

Lakini kwa shule kama yetu zile Sh. 1,020 hazikufika. Mimi niliamka saa kumi za usiku, nikasimama katika safu ya wazazi nje ya lango la shule moja ya serikali, na baada ya siku mbili nikapata nafasi kwa watoto wangu wote wawili, binti katika darasa la saba na kijana katika la pili. Nilirudi nyumbani nikifurahi. Kwa mwalimu wetu sikwenda. Nilikuwa na deni la karo ya mwezi mmoja kwa watoto wawili, yaani Sh. 600, nami nilijiambia kwamba mtu aliyeondoka hahesabiwi. Wazazi wengi walifanya kama mimi. Kabla ya mwezi wa Machi watoto wa shule yetu walikuwa wamebaki 41, na waalimu wanne kati ya sita walikwisha kwenda kutafuta kazi nyingine. Tangu siku zile nilianza kupita njia ya nyuma nitokapo kazini, nisije nikakutana na mwalimu mlangoni.

Binti yangu aliendelea vizuri huko, maana alikwisha jua kusoma kabla ya kwenda. Habari ya kijana ilikuwa nyingine. Mwaka 2004, alipokuwa darasa la tatu, nilimwambia jioni moja anisomee kitabu chake cha Kiswahili. Alisoma ukurasa mzima bila kusita, nami nikafurahi. Kisha, sijui ni kwa nini, nikaifunika picha kwa kiganja nikamwambia anionyeshe neno "maji" liko wapi. Hakuliona. Nikamwuliza neno "mama". Akalitafuta kwa kidole, akanyamaza, akaanza kulia. Alikuwa amekariri ukurasa kwa kuwasikia wenzake.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda kumwona mwalimu wake. Darasani nilihesabu watoto 112, wengine wamekaa dirishani. Mwalimu yule hakuwa mvivu. Aliniambia kwa upole, "Baba, nikisahihisha daftari za wote, usiku hautoshi. Aliye mbele namwona, aliye nyuma namsikia tu." Sikuwa na la kumjibu. Darasa lake lilikuwa limejaa watu kama mimi, waliokimbilia mahali pamoja siku moja.

Siku tatu nilifikiri. Mke wangu ndiye aliyenikata maneno, akasema, "Njia unaijua, tatizo lako ni uso." Basi siku ya nne, jua linapotua, nilikwenda kwa mwalimu wetu wa zamani. Nilimkuta peke yake akizifuta chaki mikononi. Alisema, "Karibu, Karani," kama kwamba tuliachana jana. Nilianza kueleza habari ndefu, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akatoa daftari la mahudhurio la mwaka ule, akalifungua. Jina la kijana wangu lilikuwa limeandikwa humo, na mbele yake nafasi tupu za siku zote. Katika daftari la karo, kwa kalamu ya risasi, palikuwa na jina langu na hesabu yangu: Sh. 600.

Nilitia mkono mfukoni, nami mfukoni nilikuwa na nauli tu. Akafunga daftari, akasema, "Mwalimu akifuta jina, nani atamkumbuka mtoto? Deni ni la baba. Mtoto aje kesho saa moja na nusu. Wewe njoo Jumamosi na nyundo, paa linavuja." Ndugu wasomaji, nimewahi kukaripiwa na mabwana wakubwa kazini, lakini hakuna karipio lililoniingia kama upole ule.

Jumamosi nilikwenda na nyundo. Niliwakuta baba wengine watatu, na kila mmoja alikuwa na habari kama yangu. Tangu siku hiyo nilifanywa mwandishi wa kamati ya wazazi na mtunza hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi niijuayo. Deni langu nililipa mwisho wa mwezi. Kijana alikaa benchi la mbele, na baada ya mihula miwili alinisomea barua ya nyanya yake kutoka mwanzo hata mwisho, pasipo na picha ya kufunika.

Shule ilikua tena, lakini kukua kwake hakukuwa kwa njia nyoofu. Watoto wetu wa darasa la nane walikuwa hawana kituo cha mtihani, ikatubidi kuwaandikisha katika shule nyingine iliyosajiliwa ili wafanye mtihani wa taifa. Mwaka 2009 serikali ilitoa sera ya kuzitambua shule za vijiji kama vyetu, na kamati yetu ikaanza safari ya ofisi na makaratasi, ambayo ilitutaka subira ya miaka. Tulijifunza kwamba choo, maji safi na vyeti vya waalimu hutazamwa kabla ya alama za mtihani. Mwalimu wetu mwenyewe alirudi masomoni wakati wa likizo mpaka akapata cheti cha ualimu, akiwa na nywele za mvi tayari.

Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba za maelfu ya watu hapa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Shule kadhaa zilibomolewa pia. Barabara haikupita kwetu, lakini juma lile tulipokea watoto 27 waliokuwa hawana darasa, wengine hawana hata daftari. Tulikuwa tumejenga ghorofa ndogo ya mbao juu ya madarasa mawili, kwa kuwa kiwanja hakikuwa na nafasi ya kupanuka, na tukaona kwamba Mungu alitutayarishia mahali pa kuwaweka.

Kisha ikaja tarehe 23 Septemba 2019. Shule moja ya watu binafsi huko Ng'ando, Dagoretti, si mbali na Kawangware nilikolelewa, iliporomoka asubuhi watoto wakiwa darasani. Ilikuwa jengo la ghorofa la mbao na mabati kama letu. Watoto wasiopungua 7 walikufa. Jioni ile kamati ilikutana bila kuitwa. Wengine walisema letu ni imara, na kwamba tukiliondoa tutawaweka wapi watoto? Fundi aliyelijenga alikuwa mzazi mwenzetu, nasi tulimgeukia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nililijenga kwa uaminifu, lakini sikulijenga kwa kipimo." Hapo mashauri yakaisha. Siku ya pili yake tuliishusha ghorofa ubao kwa ubao, tukazitumia mbao kuimarisha kuta za chini. Madarasa mawili yakasomea chumba kimoja, kila moja limeelekea ubao wake na kulipa jingine kisogo. Kwa hesabu yangu ya karani shule ilipungua mwaka ule. Kwa hesabu ya mzazi, ndio mwaka iliokua kuliko yote.

Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madarasa yote hayakurudi mpaka Januari 2021. Shule nyingi ndogo hazikufunguliwa tena. Mwalimu wetu aliuza maandazi mbele ya mlango wa shule, wazazi wakanunua hata wasiokuwa na njaa, na mwenye kiwanja akakubali nusu ya kodi. Tulipofungua, walirudi watoto wengi kuliko tulivyotumaini. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa watoto wetu wanamaliza gredi ya sita kabla ya kuendelea na sekondari ya chini.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote ni mazuri. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya ekari 288 za Kibera baada ya kuidai haki yao miaka mingi, nasi tuliwapongeza. Lakini kiwanja chetu hakina hati. Tingatinga likija kesho, hatuna karatasi ya kulionyesha. Kwa hiyo kamati yetu haitaki kujisifu. Yataka kuandikiwa ardhi, ili bati la leo liwe jiwe la kesho.

Nimalizie kwa maneno machache kwenu wazazi, ninyi mnaolima na ninyi mnaoshika kalamu. Ikiwa mtoto wako amehamia shule iliyo bora, mshukuru Mungu, lakini nenda kwanza kumwaga mwalimu aliyemfundisha herufi, na ulipe unachodaiwa. Tena usitosheke na sare safi wala jina la shule. Mwambie mtoto asome mbele yako, na uifunike picha. Na ikiwa ulikosea kama mimi, rudi mapema, maana mtoto hangoji mpaka uso wa baba yake upate nguvu.

Daftari lile la karo la mwaka 2004 liko mikononi mwangu, kwa kuwa mimi ndiye mtunza hesabu. Deni lilikwisha lipwa zamani, na ningeweza kuufuta ule mstari wa kalamu ya risasi. Sikuufuta. Kila mwaka, baada ya mwezi wa Januari, hufika baba au mama mmoja jioni, asimame mlangoni na kuanza kueleza habari ndefu. Hapo mimi humkaribisha kwenye benchi, nikalifungua daftari lile, nikamwonyesha jina langu.